Michael Faraday na Kihisi cha Halijoto ya Nje

Mtahiniwa, jina la Michael Faraday umekutana nalo kwenye mada ya sumaku-umeme, na huenda unalichukulia kama jina la kanuni tu, kitu cha kukariri usiku wa kuamkia mtihani. Katika wasifu huu tutamfikia kwa njia nyingine. Tazama kiyoyozi cha nyumbani, hasa ile mashine inayofungwa nje ya ukuta. Karibu na koili yake kuna waya mwembamba wenye kichwa kidogo. Hicho ni kihisi cha halijoto ya nje. Tabia ya maada inayokiwezesha kufanya kazi iliandikwa na Faraday mwaka 1833, kabla hata ya balbu ya umeme kuingia majumbani.

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 huko Newington, kusini mwa London, Uingereza. Baba yake alikuwa mhunzi aliyeugua mara kwa mara, na mhunzi asiyeweza kuinua nyundo hana cha kuwapa watoto. Shule aliyoipata ilikuwa ya kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Mwaka 1804 alianza kazi ya utarishi katika duka la vitabu la George Riebau. Mwaka uliofuata akawa mwanagenzi wa kujalidi vitabu, kwa mkataba wa miaka saba. Ukiulizwa kuhusu elimu yake, usiandike kwamba hakusoma. Alisoma vitabu vya wateja kabla ya kuvirudisha, ikiwemo makala ya umeme katika Encyclopaedia Britannica na kitabu cha kemia cha Jane Marcet.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tiketi za kuhudhuria mihadhara ya Humphry Davy, mwanakemia mashuhuri wa Royal Institution. Faraday aliandika alichosikia, akachora vifaa alivyoviona, akajalidi maandishi hayo kuwa kitabu cha kurasa takribani 300, kisha akampelekea Davy mwenyewe. Uanagenzi wake ulikuwa umekwisha na mbele yake aliona kazi ya gundi na ngozi mpaka uzeeni. Davy alimpokea vizuri, lakini nafasi haikuwepo. Kisha, mapema mwaka 1813, msaidizi wa maabara akafukuzwa kwa kupigana, na Faraday akaitwa kushika nafasi yake. Ugomvi usiomhusu ndio uliomfungulia mlango. Safari ya Ulaya aliyoifanya na Davy hadi mwaka 1815 ilimkutanisha na wanasayansi wakubwa, ingawa mke wa Davy alimtendea kama mtumishi.

Mwaka 1823 alifanya jambo ambalo wengi hulisahau. Aliifungia klorini ndani ya mrija wa kioo, na kwa shinikizo ikageuka kimiminika. Akafanya hivyo kwa gesi nyingine, amonia ikiwa mojawapo. Haikuwa kazi salama: mirija ililipuka na vipande vya kioo vikamwingia machoni. Sasa fikiri. Gesi iliyoshinikizwa hadi kuwa kimiminika hutoa joto. Kimiminika hicho kikiachwa kigeuke gesi tena, hufyonza joto. Hivyo ndivyo kiyoyozi kinavyofanya kazi. Joto hufyonzwa ndani ya chumba, hubebwa na kipoozi kinachosukumwa na kompresa, na hutupwa nje.

Jambo la pili ni la mwaka 1833. Davy alikuwa ameonyesha mwaka 1821 kwamba metali ikipashwa joto hupitisha umeme kwa shida zaidi. Faraday alipopima salfaidi ya fedha, aliona kinyume chake: ilipopashwa joto kwa taa ilipitisha umeme vizuri zaidi, na ilipopoa ilirudi kuwa kipitishi duni. Hakulificha tokeo hilo kwa sababu halikulingana na metali za mwalimu wake. Aliliandika kama lilivyo. Sababu yake ilieleweka katika karne ya 20, na leo maada za namna hiyo tunaziita nusu-vipitishi.

Ndani ya kihisi cha nje mna themista, yaani kipande cha nusu-kipitishi ambacho ukinzani wake hupungua halijoto inapopanda. Aina moja inayotumika sana ina ukinzani wa omu 10,000 katika nyuzi 25 za Selsiasi. Tuseme imeunganishwa kwa mfululizo na kikinzani cha omu 10,000 kwenye volti 5. Kila kimoja kitapata volti 2.5. Jua likichoma na ukinzani wa themista ukashuka hadi omu 5,000, volti yake itakuwa 5 × 5,000 ÷ 15,000, yaani takribani 1.67. Bodi ya kiyoyozi husoma volti hiyo na kuitafsiri kuwa halijoto.

Habari hiyo ni ya nini? Hapa watahiniwa wengi hukosea. Kinachojua kama chumba kimepoa ni kihisi cha ndani. Cha nje huiambia bodi ni kwa urahisi gani mashine itaweza kutupa joto. Hewa ya nje ikiwa moto sana, kazi hiyo huwa ngumu; bodi huweza kuongeza kasi ya feni au kupunguza kasi ya kompresa ili isiungue. Nje kukiwa na baridi kali, kama majira ya kipupwe huko Ulaya, kupooza chumba kunaweza kugandisha barafu kwenye koili ya ndani, na mafuta ya kompresa huwa mazito. Bodi huizuia kompresa isiwake. Katika mashine zinazoweza pia kupasha nyumba joto, kihisi hicho husaidia kuamua wakati wa kuyeyusha barafu iliyoganda kwenye koili ya nje. Ndiyo maana hakifai kupigwa na jua moja kwa moja: kitapima jua badala ya hewa.

Jaribu swali hili: waya wa themista ukikatika, bodi itasoma nini? Ukinzani utakuwa mkubwa mno usiopimika, kwa hiyo bodi itadhani nje kuna baridi isiyo ya kawaida, hata kama ni saa saba mchana na lami inayeyuka. Mashine nyingi zitaonyesha alama ya hitilafu. Ukiweza kueleza hilo, umeelewa alichokiona Faraday.

Ugunduzi wake mkubwa, wa mkondo wa umeme kuzalishwa na badiliko la sumaku, aliufanya mwaka 1831, na umeusoma kwingine. Hesabu za juu hakuzijua. James Clerk Maxwell ndiye aliyeyaweka mawazo yake katika milinganyo. Alikataa cheo cha heshima cha kuitwa Sir, na mara mbili akakataa urais wa Royal Society. Hakukataa kuwafundisha vijana: kati ya mwaka 1827 na 1860 alitoa mihadhara ya Krismasi katika misimu 19. Uzeeni kumbukumbu zake zilififia. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867 huko Hampton Court, akiwa na miaka 75, akazikwa katika makaburi ya Highgate, London. Themista za kibiashara zilianza kutengenezwa katika miaka ya 1930, karibu miaka 100 baada ya yeye kuipasha moto salfaidi ya fedha.