Kaab bin Malik na Homa za Jumamosi

Ndugu zangu, kila gari la kwenda Nakivale kusomesha watoto wa wakimbizi linapokaribia kuondoka Mbarara, homa huzuka mabwenini. Malaria ipo, na mgonjwa hana lawama. Lakini homa inayopona gari likishaondoka ndiyo iliyonikumbusha Kaab bin Malik (r.a.).

Kaab alikuwa Answari wa Madina, Mkhazraji, mshairi, na mmoja wa waliokula kiapo cha Aqaba. Mwaka wa 9 Hijria Mtume (s.a.w.) alitangaza safari ya Tabuk. Joto kali, njia ndefu, matunda yameiva. Kaab alikuwa mzima, ana ngamia wawili, hajapata kuwa na hali nzuri kama hiyo. Kila asubuhi alitoka kujiandaa, akarudi hajafanya kitu, mpaka jeshi likafika mbali. Alipotembea mjini roho ilimuuma: aliokutana nao ni watuhumiwa wa unafiki, na wanyonge waliosamehewa na Allah.

Mtume aliporejea, watu 80 na zaidi walimwendea na nyudhuru na viapo. Akapokea ya dhahiri, ya siri akamwachia Allah. Kaab alikuwa na ulimi wa kuwashinda wengi wao, angetaka angejinasua. Akakiri kwamba hakuwa na udhuru wowote.

Ukweli huo haukuwa rahisi. Waislamu walikatazwa kusema naye, yeye na wenzake wawili, Murara bin Rabi na Hilal bin Umayya. Alikuwa akimsalimia Mtume msikitini, kisha akitazama kama midomo imetikisika kumjibu. Abu Qatada, binamu yake kipenzi, hakuitikia salamu. Mfalme wa Ghassan alimwandikia barua ya kumkaribisha kwake, akaitia tanurini. Zilipopita siku 40, wote watatu wakaamriwa kujitenga na wake zao. Mke wa Hilal pekee ndiye aliyekwenda kuomba ruhusa ya kumhudumia mumewe, mzee asiyejiweza, akapewa. Tazameni: hata ndani ya adhabu, udhuru wa kweli ulisikilizwa.

Alfajiri ya siku ya 50, Kaab ameshaswali juu ya nyumba, akasikia mtu akipaza sauti kutoka jabali la Sal'i. Toba imekubaliwa, iko katika Sura ya Tawba, aya ya 118. Aliyeleta habari alivuliwa nguo zile zile alizovaa Kaab, naye akaazima nyingine za kwendea msikitini. Talha bin Ubaidullah akainuka kumkimbilia.

Uzeeni Kaab alipofuka. Mwanawe Abdallah ndiye aliyekuwa akimshika mkono njiani, na ndiye aliyesimuliwa haya yote na baba yake mwenyewe.