David Livingstone na mfupa uliomtambulisha

Nje kidogo ya mji wa Tabora, huko Kwihara, kuna makumbusho ya nyumba ya tembe alimokaa daktari Mskoti, David Livingstone, mwaka 1872. Alifika mwezi Februari akitokea Ujiji pamoja na Stanley. Stanley alipoondoka kwenda pwani, yeye alibaki akisubiri wapagazi hadi Agosti.

Alizaliwa Blantyre, Uskoti, mwaka 1813. Akiwa na miaka 10 alifanya kazi katika kiwanda cha nyuzi za pamba, na mwaka 1840 akahitimu udaktari. Mwaka 1844, huko Mabotsa, Afrika Kusini, simba alimrukia akamvunja mfupa wa mkono wa kushoto, karibu na bega. Mfupa haukuunga vizuri. Pale ulipovunjika pakabaki panacheza kama kiungo kingine. Hata yeye daktari hakuweza kuuona kwa ndani, kwani eksirei iligunduliwa mwaka 1895.

Alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Wenzake walipopasua tumbo ili waukaushe mwili, walikuta bonge la damu la ukubwa wa kiganja cha mtu. Aliyepasua ni Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari mmoja Zanzibar.

Leo bonge la namna hiyo huchunguzwa mtu akiwa hai. Chukua mgonjwa wa saratani ya mifupa. Uvimbe unaweza kupenya ndani ya mshipa wa damu ulio jirani, kama mzizi unavyoingia kwenye bomba. Katika picha, unaweza kufanana na damu iliyoganda tu. Ndiyo maana kwenye kipimo cha CT au MRI mgonjwa huchomwa dawa ya kung'arisha picha. Saratani ina mishipa yake midogo, hivyo kwa kawaida hung'aa. Damu iliyoganda hubaki nyeusi. Daktari wa upasuaji lazima ajue hilo kabla ya kushika kisu, maana damu iliyoganda hutibiwa kwa dawa, lakini kipande cha saratani kikikatika huweza kusafiri hadi kwenye mapafu. Kwa hiyo mfupa unaouma wiki nyingi, hasa usiku, au unaovimba, usiishie kukandwa nyumbani. Anza na eksirei.

Turudi njiani. Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili hadi Tabora, Oktoba 1873. Hapo Luteni Cameron, Mwingereza, aliwashauri wauzike. Walikataa, wakaendelea hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874.

Ulipofika London, uso haukutambulika tena. Daktari William Fergusson aliupapasa mkono wa kushoto, akakuta ule mvunjiko wa zamani. Hapo shaka ikaisha. Livingstone alizikwa Westminster tarehe 18 Aprili 1874. Jacob Wainwright, mmoja wa waliombeba, alikuwapo. Chuma na Susi walifika Uingereza mazishi yakiwa yamekwisha.