Grover Cleveland: Rais aliyekatwa taya kwa siri akiwa baharini

Kabla ya Donald Trump, Marekani ilikuwa na mtu mmoja tu aliyetoka Ikulu, akakaa pembeni miaka minne, kisha akarudi kwa kura. Huyo ni Grover Cleveland. Wengi wanamkumbuka kwa hilo. Wachache wanajua siri aliyoibeba ndani ya mdomo wake mpaka anaingia kaburini.

Alizaliwa Machi 18, 1837, Caldwell, New Jersey, mtoto wa mchungaji. Baba alifariki kijana akiwa na miaka 16, ndoto ya chuo ikaishia hapo. Akasomea sheria akiwa kazini, akawa meya wa Buffalo 1882, gavana wa New York 1883, na rais 1885. Mwaka 1888 alishindwa na Benjamin Harrison, lakini 1892 akamgaragaza mtu huyohuyo.

Aliporudi Ikulu 1893, uchumi ulikuwa unaporomoka. Benki zinafungwa, kampuni za reli zinafilisika. Cleveland alitaka dola isimame kwenye dhahabu, wakati makamu wake, Adlai Stevenson, aliegemea upande wa madini ya fedha. Kwa hiyo rais akifa, sera nzima inaweza kugeuka.

Katikati ya presha hiyo, akagundua sehemu yenye ukwaruzo kwenye kaakaa, upande wa kushoto. Mzee alikuwa mvutaji mkubwa wa tumbaku. Madaktari wakakata kipande na kukipima bila kutaja jina la mgonjwa. Majibu yakatisha: aondolewe haraka.

Julai 1, 1893, akiwa na miaka 56, alifanyiwa upasuaji kwenye boti ya kifahari ya rafiki yake, Oneida, ikiwa majini karibu na New York. Timu ya Dkt. Joseph Bryant ilimpiga nusu kaputi, ikatoa sehemu ya taya la juu na kaakaa kwa kupitia mdomoni, ili usoni kusibaki kovu na masharubu yasiguswe. Julai 17 wakamrudia kuondoa mabaki. Pengo likazibwa kwa kifaa cha mpira mgumu, akaweza kuongea kama kawaida.

Wananchi wakaambiwa ni jino tu na baridi yabisi.

Agosti 29, mwandishi E. J. Edwards alianika ukweli katika gazeti la Philadelphia Press. Kambi ya rais ikakana, na Edwards akaonekana mzushi. Alisafishwa jina 1917, pale Dkt. William Keen, mmoja wa wapasuaji wale, alipoamua kusema yote. Ilikuwa imepita miaka 24.

Cleveland mwenyewe hakuuawa na uvimbe ule. Alifariki Juni 24, 1908, Princeton, akiwa na miaka 71, kwa maradhi ya moyo.

Kwa nini alipona? Wataalamu walibishana miaka mingi. Kaakaa ina tezi ndogo nyingi za mate, hivyo wapo waliodhani uvimbe ulitokea humo. Kipande chake, kilichohifadhiwa kwenye makumbusho ya Mütter, Philadelphia, kilipimwa upya na majibu kuchapishwa 1980. Kumbe ilikuwa saratani ya utando wa mdomo, ya aina inayokua taratibu na kusambaa kwa nadra.

Hapo ndipo bahati yake ilipokuwa. Saratani za tezi za mate ni adimu, na si zote zinafanana. Ipo ya mirija ya mate, ambayo ni kali na huwahi kufika kwenye mitoki ya shingo. Ipo nyingine inayotambaa polepole kwenye neva, mgonjwa anadhani amepona, halafu inarudi baada ya miaka 10 au zaidi. Kwa hizi, upasuaji mara nyingi hufuatiwa na mionzi, na mgonjwa hufuatiliwa kwa miaka mingi. Matokeo yanategemea sana aina yake na umewahi kiasi gani.

Kwa hiyo ukiona uvimbe mdomoni, chini ya sikio au chini ya taya, kidonda kisichopona wiki mbili, au upande wa uso unakufa ganzi au kulegea, usisubiri. Nenda ukapimwe.