Adrien Atiman, mganga na katekista wa Karema

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa Yubile ya parokia yetu ya Kampene, maaskofu, mapadri na masista wanatajwa kwa heshima inayowastahili. Sisi tumeona vema kuongeza maisha ya mtu ambaye hakuwa padri wala mtawa, wala hakufika Kampene hata siku moja. Ni Adrien Atiman, mlei, mume wa mke mmoja, mganga wa misioni ya Karema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Tumemchagua kwa sababu katika maisha yake tunaona waziwazi jambo ambalo wakristu wengi hulisahau: kazi ya kueneza Injili duniani ilibebwa, na inabebwa hata leo, na watu wa kawaida ambao majina yao hayaandikwi popote.

Atiman alizaliwa karibu na mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya mto Niger, upande wa Timbuktu, katika nchi inayoitwa leo Mali. Alipokuwa angali mtoto mdogo alitekwa na wachuuzi wa watumwa. Aliuzwa, kisha akavushwa jangwa la Sahara pamoja na msafara, kuelekea kaskazini. Sisi watu wa Maniema hatuna haja ya kuelezwa sana maana ya maneno hayo. Miaka ileile misafara ya pembe na watumwa ilikuwa ikitoka Nyangwe na Kasongo, na vijiji vya msituni vilichomwa moto ili watu wapatikane. Tarehe 15 ya mwezi wa 7, mwaka 1871, watu waliuawa kwa mamia sokoni Nyangwe, na Livingstone aliyaona kwa macho yake. Watumwa wa kwetu walipelekwa mashariki, hata Ujiji na pwani. Atiman alipita mchangani, mbali kabisa na misitu yetu. Lakini mnyororo ulikuwa wa namna moja.

Mwaka 1876, huko Metlili, kusini mwa Aljeria, Mapadri Weupe walimkuta katika mikono ya wauzaji, wakamkomboa kwa fedha. Lugha yetu ina neno moja tu kwa tendo hilo na kwa tendo la Kristu msalabani, na nadra mtu kuliona neno hilo likitimizwa hivi, fedha ikihesabiwa mezani.

Fedha hizo zilitoka wapi? Hapa yatupasa kuliacha jangwa kidogo tuende Lyon, mji wa Ufaransa uliojulikana kwa kufuma hariri. Katika mji huo msichana mmoja, Pauline Jaricot, aliyezaliwa mwaka 1799, alikuwa amewapanga wafanyakazi wa viwanda vya hariri kumi kumi. Kila mmoja alitoa senti moja kwa juma na kuombea misioni; mmoja wao alikusanya za kundi lake akazipeleka kwa mkuu wa makundi kumi, na huyo kwa mkuu wa elfu. Kutokana na mpango huo lilianzishwa Shirika la Kueneza Imani, tarehe 3 ya mwezi wa 5, mwaka 1822. Mwaka 1843 likafuata Shirika la Utoto Mtakatifu, ambalo watoto wenyewe walitoa senti zao kwa ajili ya watoto wa nchi za mbali. Kwa sadaka za namna hiyo misioni za Afrika ziliishi, na watoto wengi walikombolewa. Wale wafumaji hawakuwa matajiri. Mwaka 1831 waliasi mjini Lyon kwa sababu ya udogo wa mishahara yao. Pauline mwenyewe alikufa mwaka 1862 katika umaskini mkubwa. Alitangazwa Mwenye Heri hukohuko Lyon tarehe 22 ya mwezi wa 5, mwaka 2022, miaka mia mbili baada ya shirika lake kuanza.

Tunayasema haya kwa kuwa hata kwetu swali hili husikika: kwa nini sadaka ya Dominika ya Misioni, ile iliyowekwa na Papa Pio XI mwaka 1926, itoke Kampene iende mbali, wakati shule na zahanati zetu zina mahitaji yake? Ni swali la haki, na hatulidharau. Lakini mfumaji wa Lyon angeweza kuuliza vilevile, naye alikuwa na watoto wenye njaa nyumbani. Hakulijua jina la Atiman. Hakujua hata kama kuna mahali panapoitwa Metlili.

Wala hatufichi kwamba njia hiyo ya kukomboa ilikuwa na ugumu wake. Fedha iliyolipwa kwa mchuuzi ilibaki mkononi mwa mchuuzi, naye aliweza kurudi kuteka wengine. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alilijua hilo. Mwaka 1888 alizunguka Paris, London na Bruxelles akiwataka watu na serikali kuukata mti wenyewe, si matawi tu. Papa Leo XIII alimwunga mkono, na mwaka 1890 aliagiza kwamba kila mwaka, siku ya Epifania, sadaka ikusanywe makanisani kwa ajili ya kuwasaidia watumwa wa Afrika.

Turudi kwa kijana wetu. Lavigerie alikuwa ameona wamisionari wake wakifa kwa homa mmoja baada ya mwingine. Akawaza kwamba mganga Mwafrika angeweza kuishi mahali ambapo Mzungu hawezi, na kuingia nyumbani ambamo padri mgeni haitwi. Akataka waganga hao wabaki walei, waoe, waishi katikati ya watu. Kwa hiyo mwaka 1881 vijana waliokombolewa walipelekwa katika kisiwa cha Malta, wakajifunza uganga katika chuo kikuu cha huko na dini pamoja. Atiman alikuwa mmoja wao. Alimaliza mwaka 1888, akapanda meli kwenda Unguja.

Wazo la Kardinali lilikuwa jema, ila tuseme kweli, lilikuwa pia wazo la mtu anayeitazama Afrika kutoka mbali. Kutoka Niger hata Tanganyika ni safari kubwa kuliko kutoka Alger hata Paris. Atiman alifika Karema mwaka 1889, baada ya kutembea kwa miguu zaidi ya kilometa elfu moja kutoka pwani, akiwa mgeni kabisa: lugha hakuijua, ukoo hakuwa nao, mila hakuzizoea. Alikuwa Mwafrika kati ya Waafrika, lakini kila kitu ilimpasa kujifunza upya. Kwa maoni yetu hapo ndipo wito wake ulipopimwa, kuliko katika mitihani yote ya Malta. Mara ya kwanza alichukuliwa kwa nguvu kutoka kwao, na mara ya pili alitumwa. Safari hii ya pili aliikubali yeye mwenyewe.

Karema ilikuwa ngome iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879. Mwaka 1885 Mfalme Leopold II aliwaachia Mapadri Weupe ngome hiyo pamoja na ile ya Mpala, upande wetu wa ziwa. Mpala kulikuwa na mlei mwingine, Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa, aliyekuja kuvilinda vijiji vya misioni dhidi ya wateka watu. Naye alioa mwanamke wa nchi, hakurudi Ulaya tena, akafa na kuzikwa kandokando ya ziwa mwaka 1927. Mmoja alikuwa askari, mwingine mganga. Wote wawili walei, mmoja kila upande wa maji. Watoto waliokombolewa walilelewa katika misioni hizo, na kati yao walikuwamo waliotekwa katika nchi yetu hii ya Maniema.

Mwaka uleule wa kufika kwake Atiman alimwoa Agnes Wansahira, binti wa sultani wa Wabende. Tangu hapo Karema ikawa kwao. Alikaa huko miaka 67. Sisi tunaosoma tarehe upesi tusiipite hesabu hiyo haraka. Mapadri walikuja wakafa, au wakahamishwa, maaskofu walibadilika, Wajerumani walitawala wakaondoka, vita ya 1914 ikapita, Waingereza wakashika nchi, mganga alikuwa palepale. Homa, ndui na malale zilipita pwani ile, na wagonjwa waliletwa kwake kwa machela na kwa mitumbwi. Alitibu, na alipokuwa akitibu alifundisha dini, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mganga-katekista: kuufunga mwili kidonda, na kuitayarisha roho.

Wenye kuijua kazi ya makatekista katika msitu wetu wa Warega wataelewa bila maelezo. Padri alifika kijijini mara chache kwa mwaka. Aliyekuwapo kila Dominika, aliyewafundisha watoto sala, aliyewazika wafu, aliyeitwa usiku mtu alipozidiwa, alikuwa mtu mwenye shamba na watoto wake kama wengine. Vivyo hivyo mabwana na mabibi waliotoka vijijini kwenda kufanya kazi katika migodi walichukua rozari zao pamoja nao. Picha za zamani za misioni zinaonyesha safu ya mbele tu, na makatekista mara nyingi wamesimama nyuma.

Atiman na Wansahira walimzaa mtoto wa kiume, Joseph. Alisoma seminari, na mwaka 1923 akapewa upadri. Miaka sita kabla yake, yaani mwaka 1917, Stefano Kaoze alikuwa amepewa daraja hilo ng'ambo, akawa padri wa kwanza wa Kongo. Hebu tufikiri: mtoto aliyeuzwa kama mbuzi, aliyekombolewa kwa senti za wafumaji, sasa anapiga magoti mbele ya mwanawe mwenyewe kupokea baraka. Senti zile zilikuwa zimekwisha kutolewa miaka hamsini kabla, na waliozitoa wengi walikuwa kaburini.

Alipozeeka aliandika habari za maisha yake, nazo zilichapishwa Tanganyika mwaka 1946. Alipewa nishani kadhaa. Tunadhani hakuzihitaji sana, lakini zilifaa ili wengine wajue. Aliendelea kuwapokea wagonjwa katika uzee wake.

Mwaka 1953 Karema ilifanywa dayosisi. Atiman aliiona siku hiyo, yeye aliyefika wakati misioni ilipokuwa ngome yenye vibanda vichache. Alifariki hukohuko mwaka 1956, akiwa na miaka karibu tisini. Baadaye, mwaka 1969, dayosisi ilichukua jina la Sumbawanga, na tangu mwaka 2000 Karema imo katika dayosisi ya Mpanda. Huko Tundurma, kando ya Niger, alikozaliwa, hakurudi kamwe. Kaburi lake liko Karema, kati ya watu aliowaganga.