RUMANYIKA NA DENI LA KITI

Wengi walitajao leo jina la Rumanyika hulifahamu kutokana na Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, iliyotangazwa mwaka 2019 katika nchi ya Karagwe na Kyerwa. Ni wachache wakumbukao kwamba mwenye jina hilo, kabla ya kutawala kwa amani, alikuwa mdai wa kiti aliyebanwa na nduguye mwenyewe.

Ndagara, baba yake, alifariki katika miaka ya 1850. Wanawe wakakigombea kiti cha Wahinda huko Bweranyange. Masimulizi ya jadi yanaeleza kwamba iliwekwa ngoma ndogo mbele ya ndugu hao, na Rumanyika peke yake ndiye aliyeweza kuiinua. Hata hivyo ngoma haikumaliza ugomvi. Rogero, nduguye, alikuwa na wafuasi wake, na damu ikamwagika.

Aliyeupindua mzani alitoka nje. Musa Mzuri, mfanyabiashara mwenye asili ya Surat aliyekaa Kaze, karibu na Tabora ya leo, alikuwa na haja ya njia salama kwa misafara yake ya pembe. Alimpelekea Kabaka Suna wa Buganda pembe nyingi, naye Suna akatoa jeshi. Rogero akashindwa, Rumanyika akakaa.

Ni haki kukiri kwamba alikitumia kiti kwa busara. Speke na Grant walipofika Novemba 1861, aliwapokea kwa ukarimu ambao hawakuuona kwa watawala wengi wa njiani. Grant, aliyeugua mguu, alitunzwa huko hadi Aprili 1862, miezi mitatu baada ya mwenzake kwenda Buganda. Stanley naye alipofika mwaka 1876 aliwakuta wafanyabiashara wa pwani wamekaa Kafuro kwa usalama, akaruhusiwa kwenda kuziona chemchemi za maji moto za Mutagata, zilizoko Kyerwa. Ndugu zetu wa Visiwani wakumbuke kwamba shanga na vitambaa vilivyopita bandari ya Unguja vilifika hadi vilima hivyo, na pembe za huko zikashuka pwani.

Lakini deni la kiti halikufutika. Rogero alibaki mlimani, na Rumanyika, pamoja na upole wake wote, alimwomba Speke dawa ya kumwangamiza ndugu huyo. Mtu hawezi kulala vizuri ndani ya nyumba ambayo nduguye anaizunguka usiku. Nayo Buganda, iliyompa jeshi, haikusahau kwamba ililitoa. Sauti yake katika mambo ya Karagwe ilizidi kukua chini ya Mutesa, mwana wa Suna.

Baada ya kifo cha Rumanyika, ugomvi uleule ulirudi. Wana wa ukoo waligombea na kuuana, na Buganda ikaingilia. Ikafuata sotoka iliyoangamiza ng'ombe katika miaka ya 1890. Wakoloni wa Kijerumani walipoingia, waliikuta dola iliyokwisha kujichosha yenyewe.

Viongozi wa serikali na raia wa bara na visiwani hawana budi kulitazama jambo hili kwa makini. Bara letu limeona mara nyingi mpinzani wa jana akiwa mkuu wa nchi wa leo. Kupanda kwake si kosa. Huenda ndiyo haki. Swali ni kama baada ya kupanda amepatana na yule aliyeshindwa, na kama ameweka utaratibu ambao atakayemfuata hatalazimika kuomba jeshi la jirani. Rumanyika alijua kumpokea mgeni. Hakupata njia ya kumrudisha nduguye nyumbani, na hilo ndilo deni walilolilipa wanawe.