Samuel Wanjiru: Kijana wa marathoni mbili aliyebebeshwa matumaini ya taifa

BARABARA itokayo mjini Nyeri kuelekea Nyahururu hupitia Mweiga, safu za Aberdare zikiwa upande wa kushoto na Mlima Kenya upande wa kulia. Wakenya wanapozungumzia mbio za masafa marefu, fikira zao aghalabu hukimbilia Eldoret na Iten katika Bonde la Ufa. Hata hivyo, ni huku, mwisho wa barabara hii ya Mweiga, alikozaliwa Novemba 10, 1986 mwanariadha aliyeikata kiu ya miaka mingi. Huyo ni marehemu Samuel Kamau Wanjiru, Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu ya marathoni katika Michezo ya Olimpiki.

Wengi humkumbuka kwa ushindi wake wa Beijing mwaka 2008 na kwa kifo chake cha mapema. Kinachosahaulika ni kwamba alipotajwa katika kikosi cha Kenya, alikuwa kijana wa miaka 21 ambaye alikuwa amekimbia marathoni mbili tu maishani mwake.

Wanjiru alilelewa na mama yake katika maisha ya dhiki, na jina alilotumia hadi kufa ni la mama huyo. Kipaji chake kilionekana mapema. Mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 15, alisafiri hadi Japani kujiunga na shule ya upili ya Sendai Ikuei. Alikuwa akifuata nyayo za Wakenya wengine waliokomaa kimichezo katika nchi hiyo, miongoni mwao Douglas Wakiihuri na Eric Wainaina. Baada ya masomo aliajiriwa katika timu ya Toyota Kyushu. Kocha wake huko alikuwa Koichi Morishita, aliyeshinda fedha ya marathoni katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992.

Huko Japani alijifunza lugha, nidhamu na subira ya mazoezi. Mnamo Septemba 2005, kabla hajatimiza miaka 19, alivunja rekodi ya dunia ya nusu marathoni mjini Rotterdam kwa muda wa dakika 59 na sekunde 16. Mwaka 2007 aliishusha hadi dakika 58 na sekunde 33 mjini The Hague. Kasi yake haikuwa na shaka tena. Swali lililobaki lilikuwa iwapo kasi hiyo ingedumu kwa kilomita 42.

Desemba 2007 alishinda marathoni yake ya kwanza, ile ya Fukuoka, kwa saa 2:06:39. Aprili 2008 alimaliza wa pili mjini London kwa saa 2:05:24, sekunde tisa tu nyuma ya Martin Lel.

Wateuzi wa timu ya Kenya walikuwa na nafasi tatu pekee, na waliostahili walikuwa wengi. Lel alikuwa ameshinda London mara tatu na New York mara mbili. Robert Cheruiyot alikuwa bingwa wa Boston mara nne. Luke Kibet alikuwa bingwa wa dunia, taji alilolitwaa katika joto kali la Osaka mwaka 2007, ingawa baadaye alijeruhiwa kwa jiwe mjini Eldoret wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu.

Lakini sifa hizo zote hazikuwa dhamana. London na Boston hukimbiwa majira ya baridi ya kadiri, tena kwa waandalizi kuwaalika wakimbiaji wanaowataka. Beijing ilikuwa na joto la Agosti na hewa chafu iliyomfanya Haile Gebrselassie wa Ethiopia, aliyeshikilia rekodi ya dunia wakati huo, kujiondoa katika mbio hizo. Kenya nayo ilikuwa na historia chungu. Wakiihuri alipata fedha mwaka 1988, Wainaina akapata shaba mwaka 1996 na fedha mwaka 2000, naye Paul Tergat, akiwa mshikilizi wa rekodi ya dunia, akaambulia nafasi ya kumi mjini Athens mwaka 2004.

Wateuzi waliwataja Lel, Cheruiyot na Wanjiru. Baadaye Cheruiyot alijiondoa kwa sababu ya jeraha, na Kibet akaitwa kuijaza nafasi yake.

Asubuhi ya Agosti 24, 2008, kijana wa Nyahururu alifanya jambo ambalo wakongwe wangeliogopa. Badala ya kuhifadhi nguvu kwa kuhofia jua, aliongoza kwa kasi kubwa tangu mwanzo, na kilomita kumi za kwanza zikakatika chini ya dakika 30. Mmoja baada ya mwingine, wapinzani walianza kubaki nyuma. Lel, aliyemshinda London miezi minne tu awali, naye aliachwa. Katika kilomita za mwisho Wanjiru alimtoroka Jaouad Gharib wa Morocco, akaingia uwanjani peke yake. Alitumia saa 2:06:32, rekodi mpya ya Olimpiki iliyoifuta ile ya saa 2:09:21 aliyoiweka Carlos Lopes wa Ureno mwaka 1984. Lel alimaliza wa tano na Kibet hakumaliza.

Mwaka 2009 alishinda London na Chicago, na mwaka 2010 akalitetea taji la Chicago baada ya kukabana koo na Tsegay Kebede wa Ethiopia hadi mwisho. Lakini maisha yake ya nyumbani yalikuwa na misukosuko. Mei 15, 2011 alifariki baada ya kuanguka kutoka roshani ya nyumba yake mjini Nyahururu, akiwa na miaka 24.

Mwaka uliofuata pengo lake lilionekana wazi. Kenya ilipochagua timu ya Olimpiki ya London, ilikuwa na wakimbiaji wenye kasi kuliko wakati wowote, kiasi cha kumwacha nje Patrick Makau aliyekuwa mshikilizi wa rekodi ya dunia. Abel Kirui alipata fedha na Wilson Kipsang shaba. Dhahabu ilichukuliwa na Stephen Kiprotich wa Uganda, ambaye wengi hawakumtarajia. Kenya ilisubiri hadi mwaka 2016, Eliud Kipchoge alipoirejesha.

Rekodi ya Wanjiru ya Olimpiki ilidumu miaka 16. Ilivunjwa mjini Paris Agosti 2024 na Tamirat Tola wa Ethiopia kwa tofauti ya sekunde sita pekee. Tola hakuwa katika orodha ya kwanza ya timu ya nchi yake. Alikuwa mchezaji wa akiba, akaingizwa dakika za mwisho baada ya Sisay Lemma kuumia.