Al-Biruni: mkimbizi aliyepima maji ya moto



Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, yapata kilomita 40 kutoka Lilongwe, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Iliandaliwa kwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mwaka 2023, serikali ilipoamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, masomo ya baadhi ya watoto yalikatika katikati ya mwaka. Wenzetu waliopitia hali hiyo hawahitaji kuelezwa. Toleo hili linamkumbuka mwanachuoni ambaye naye alihamishwa tena na tena, na hakuacha kusoma.

Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni alizaliwa mwaka 362 Hijria, sawa na 973 Miladia, pembeni mwa mji wa Kath katika nchi ya Khwarizm, ambayo leo ni sehemu ya Uzbekistan. Mwalimu wake alikuwa Abu Nasr Mansur, mtaalamu wa hesabu na mtu wa ukoo wa watawala. Mwaka 995 ukoo huo ulipinduliwa. Al-Biruni alikuwa na miaka 22 tu, na ilimbidi akimbie.

Katika mji wa Rayy aliishi kwa ufukara. Yeye mwenyewe ameandika kwamba mnajimu mmoja tajiri alimdharau katika mjadala kwa sababu ya umaskini wake, na hali yake ilipotengemaa mtu huyo huyo akawa rafiki. Hoja ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mavazi ya aliyeitoa.

Katika miaka hiyo ya ujana aliandikiana barua na kijana mwingine, mdogo kwake kwa miaka saba: Ibn Sina. Al-Biruni alituma maswali 18. Kumi yalihusu kitabu cha Aristotle juu ya mbingu, na manane yalikuwa yake mwenyewe kuhusu maumbile. Kadhaa kati ya hayo ni maswali ya joto tunayoyasoma mpaka leo.

Aliuliza hivi: ikiwa vitu hutanuka vikipata joto na kunywea vikipoa, kwa nini chupa iliyojaa maji hupasuka maji yakiganda? Tena kwa nini barafu huelea juu ya maji? Na ikiwa vitu vya moto hupanda kwenda juu, vipi joto la jua linatushukia sisi huku chini?

Ibn Sina alijibu kwa kanuni za Aristotle. Kuhusu chupa, alisema maji yakiganda hunywea, na kwa kuwa maumbile hayaruhusu utupu, chombo hupasuka. Al-Biruni hakuridhika na majibu kadhaa, akaandika tena kupinga. Awamu hiyo alijibiwa na mwanafunzi wa Ibn Sina, al-Ma'sumi.

Leo tunajua kwamba maji ni kitu cha ajabu. Yakipoa hunywea mpaka nyuzi 4 za Selsiasi, kisha huanza kutanuka, na yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9. Yeyote aliyewahi kusahau chupa ya kioo ndani ya friza ameshaona jawabu la al-Biruni. Na joto la jua halishuki kama maji ya mvua. Huja kwa mionzi inayopita hata mahali pasipo na hewa, ndiyo maana bati la nyumba huungua mchana wakati upepo unaolipiga ni wa baridi.

Al-Biruni hakuishia kwenye kuuliza, alipima. Alitengeneza chombo maalumu cha kupimia uzito wa vitu kwa kulinganisha na maji yanayomwagika kitu kinapotumbukizwa. Kwa njia hiyo alipanga madini na vito kwa uzito wake. Akaona pia kwamba maji ya moto ni mepesi kuliko maji baridi ya ujazo ule ule.

Jambo hilo linaonekana dogo, lakini ndilo linalozungusha maji ndani ya sufuria: ya chini yakipata moto huwa mepesi na kupanda, ya juu yaliyo baridi hushuka. Ndilo pia linaloathiri Ziwa Malawi. Maji ya juu yenye vuguvugu hukaa juu ya yale mazito ya vilindini bila kuchanganyika vizuri, na chini ya mita 250 hivi hakuna oksijeni, basi samaki hawaishi huko.

Tusimzulie sifa. Kipimajoto hakikuwepo zama zake. Kilikuja katika karne ya 17. Tofauti ya joto na halijoto ilikuwa bado haijafafanuliwa: kwamba kikombe cha chai kina halijoto kubwa kuliko ndoo ya maji ya kuoga, ilhali ndoo inaweza kubeba joto jingi zaidi. Alichokuwa nacho ni mizani, subira, na ujasiri wa kutokubali jambo kwa sababu tu aliyelisema ni mkubwa.

Baadaye alirudi Khwarizm, lakini mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka nchi hiyo, na al-Biruni akachukuliwa pamoja na wanachuoni wengine hadi Ghazna, Afghanistan ya leo. Hakuchagua kwenda. Huko ugenini alijifunza Kisanskriti, akaandika kitabu kikubwa juu ya watu wa India, na akakadiria ukubwa wa dunia kwa kupima mlima mmoja. Inasimuliwa kwamba Sultani Mas'ud alimpelekea mzigo wa tembo wa fedha kwa kitabu chake cha falaki, naye akaurudisha.

Alifariki Ghazna mwaka 440 Hijria, 1048 Miladia. Yaqut amesimulia kwamba mwanasheria mmoja alikwenda kumtazama akiwa katika pumzi za mwisho. Al-Biruni akamwuliza suala la mirathi walilowahi kulizungumza. Mgeni akamwonea huruma: katika hali hii? Akajibiwa kwamba ni bora kuiacha dunia ukilijua jambo kuliko kuiacha hulijui. Akamfundisha, naye al-Biruni akalirudia mpaka akalihifadhi. Mgeni alipotoka, akiwa bado njiani, alisikia kilio kutoka ile nyumba.

Ndugu yangu uliye Dzaleka ukisubiri karatasi, nawe uliye Lilongwe ukilalamikia maabara isiyo na vifaa: chombo cha maji na mizani vinapatikana. Swali lako la kwanza ni lipi?

Mwenyezi Mungu amrehemu, na atuzidishie elimu yenye manufaa. Aamin.